Madini ya Risasi na Dai la Mwanasayansi Asiye na Upande

Dai kwamba mwanasayansi atoe takwimu kisha akae pembeni limezoeleka kiasi kwamba wengi hawalioni kuwa ni dai. Wanaliona kuwa sehemu ya sayansi yenyewe. Husikika kwenye semina za vyuo vikuu, wizarani, kwenye barua za wafadhili, na hasa kwenye vikao vya kupitisha ripoti za tathmini ya mazingira, ambako mtaalamu akianza kusema nini kifanyike hukumbushwa kwa upole kwamba uamuzi ni wa wenye mamlaka. Kwa mujibu wa dai hili, kazi ya mtafiti inaishia pale matokeo yanapochapishwa. Kinachofuata ni siasa, na siasa ina wenyewe. Mtafiti akivuka mpaka huo anahesabiwa kuwa mwanaharakati, na mwanaharakati haaminiki tena kama shahidi.

Dai lina sura mbili, ingawa hutajwa kwa pumzi moja. Ya kwanza inahusu adabu: mtafiti ajizuie kusema yasiyo ya fani yake. Ya pili inahusu ushahidi: hata akiwa na la kusema ndani ya fani yake, asubiri mpaka jambo lithibitike pasipo shaka. Sura hii ya pili ndiyo yenye nguvu, kwa sababu imevaa nguo za uangalifu, na uangalifu ni sifa njema kwa mtafiti. Nani atampinga mtu anayesema tusubiri ushahidi? Historia ya petroli yenye risasi inaonyesha kwamba kuna nyakati anapaswa kupingwa, tena vikali, na inaonyesha pia ni kwa sababu gani.

Tarehe 9 Desemba 1921, katika maabara ya kampuni ya General Motors mjini Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, mhandisi Thomas Midgley alitia tone la tetraethili ya risasi kwenye mafuta, na injini iliyokuwa ikigonga ikatulia. Petroli hiyo ilianza kuuzwa Dayton Februari 1923 kwa jina la Ethyl, jina ambalo halikuitaja risasi popote. Haikuwa kwamba sumu ya madini haya ilikuwa siri. Waganga waliijua tangu enzi za Warumi, na Midgley mwenyewe mwanzoni mwa 1923 alilazimika kuacha kazi na kwenda kupumzika Florida kwa sababu mapafu yake yalikuwa yamedhurika. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi watano waliokuwa wakitengeneza kemikali hiyo walikufa na wengine zaidi ya thelathini wakalazwa. Walikufa wakiwa wamepagawa, wakiona vitu visivyokuwepo, wengine wakiwa wamefungwa ili wasijiumize. Wenzao kiwandani walikuwa wameshaipa kemikali hiyo jina la gesi ya wehu.

Tarehe 30 mwezi huohuo Midgley aliwaita waandishi wa habari mjini New York, akanawa mikono kwa kimiminika kilekile, kisha akakinusa kwa sekunde sitini na kuwaambia kwamba angeweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika. Huyu alikuwa mtaalamu anayejua kilichokuwa kimempata yeye mwenyewe, akifanya maonyesho ya hadharani ili kuathiri sera. Hakuna aliyemwita mwanaharakati.

Mei 1925 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani aliitisha mkutano Washington. Mwakilishi wa kampuni ya Ethyl, Frank Howard, aliueleza ugunduzi huo kuwa kama zawadi kutoka kwa Mungu, akauliza kama ni haki kuutupa kwa sababu ya hofu tu. Yandell Henderson, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, alionya kwamba risasi ingeenea polepole, bila kishindo, na umma ungekuja kushtuka ikiwa imeshajaa kila mahali. Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa ya kazini na mwanamke wa kwanza kupewa ualimu Harvard, alisema kwamba popote risasi inapotumika, muda si mrefu watu hudhurika. Kamati ya wataalamu ikaundwa, ikapewa miezi michache, ikawapima madereva na watu wa gereji. Januari 1926 iliripoti kwamba kwa wakati huo haikuona sababu za kutosha za kupiga marufuku. Iliongeza kwamba matumizi yakiongezeka hali inaweza kuwa nyingine, hivyo utafiti uendelee kwa fedha za umma.

Sehemu ya kwanza ya ripoti ilitekelezwa mara moja. Ya pili haikutekelezwa. Kwa takriban miaka arobaini iliyofuata utafiti mkubwa kuhusu risasi ya petroli ulifanywa na maabara moja, Kettering, ya Chuo Kikuu cha Cincinnati, chini ya Robert Kehoe, ambaye pia alikuwa mganga mkuu wa kampuni ya Ethyl. Fedha zilitoka kwa kampuni zilezile zilizokuwa zikitengeneza na kuuza bidhaa.

Itakuwa rahisi mno kumfanya Kehoe tapeli, na kufanya hivyo kungelinusuru dai linalojadiliwa hapa: lingejitetea kwamba tatizo lilikuwa mtu mbaya. Kehoe alipima kweli, aliandika alichopima, na viwanda vilivyofuata masharti yake viliacha kuua wafanyakazi kama Bayway ilivyoua. Msimamo wake, ambao wanahistoria wameuita kanuni ya Kehoe, ulikuwa mwepesi kueleweka: mwenye wasiwasi alete ushahidi wa madhara, ukiletwa, matumizi yatabadilishwa, usipoletwa, yaendelee. Alisema yeye hana upande, anafuata takwimu tu. Ni kauli ambayo ingepita bila pingamizi kwenye kikao chochote cha wataalamu leo.

Lakini kauli hiyo tayari imekwisha kuamua jambo kubwa kuliko takwimu zote za maabara yake. Imeamua nani abebe hasara wakati wa kusubiri. Kampuni haitabeba, mtoto anayecheza kando ya barabara ndiye atakayebeba. Imeamua pia nani awe na mzigo wa kuthibitisha, na hapo hapo ikamkabidhi mzigo huo mtu asiye na maabara, kwa kuwa maabara yenye fedha na vifaa ilikuwa ya Kehoe. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumwambia mtu kwamba shaka imnufaishe muuzaji badala ya mvuta hewa. Huo ni uamuzi wa sera, ulifanywa na mwanasayansi, na ulifanyika kimya kwa sababu uliitwa kutofanya uamuzi.

Tena upimaji wenyewe haukukaa mbali na msimamo huo. Miaka ya 1930 Kehoe alikwenda kuwapima wakazi wa kijiji kimoja nchini Mexico, mbali na magari na viwanda, ili ajue mwili wa binadamu asiyeguswa na ustaarabu wa viwandani una risasi kiasi gani. Aliikuta kwenye mikojo yao, kwa kiasi kisichopuuzika. Akahitimisha kwamba risasi ni kitu cha kawaida mwilini, kinaingia na kutoka, na kwamba chini ya kiwango fulani hakina neno. Kwa watu wazima alikiweka mikrogramu 80 kwa kila desilita ya damu. Wanakijiji wale walikuwa wakipikia na kulia katika vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa risasi. Vivyo hivyo kiwandani: aliwalinganisha waliogusa kemikali na wenzao wa kiwanda hichohicho wasioigusa, akakuta risasi kwa wote wawili, akaona tofauti si ya kutisha. Hakutafuta kwa bidii mtu asiye na risasi kabisa, kwa kuwa hakuwa na haja ya kumpata.

Aliyempata, kwa njia ya kuzunguka, alikuwa mtu wa miamba. Clair Patterson alikuwa akitafuta umri wa dunia kwa kupima isotopu za risasi katika vimondo, na mwaka 1956 alichapisha jibu ambalo halijabadilika sana mpaka leo: miaka bilioni 4.55. Kilichomsumbua kwa miaka kabla ya hapo kilikuwa kwamba sampuli zake zilikuwa na risasi nyingi kuliko nadharia ilivyoruhusu. Ilikuwa kwenye vumbi la maabara, kwenye maji ya bomba, kwenye nywele na nguo zake mwenyewe. Ikambidi ajenge katika chuo cha Caltech, California, chumba ambacho hewa yake ilichujwa, sakafu zikasuguliwa tena na tena, na wanaoingia wakavikwa nguo maalumu za plastiki. Akiwa na chumba hicho aliweza kupima vitu ambavyo Kehoe hakuweza kuvipima: risasi katika maji ya bahari ya juu na ya kina kirefu, na baadaye katika barafu ya Greenland, ambayo tabaka zake zinahifadhi hewa ya karne kwa karne. Matokeo ya barafu yaliyochapishwa mwaka 1969 yalionyesha risasi ikipanda mara mamia tangu nyakati za kale, na ongezeko kali likija baada ya magari.

Makala yake ya 1965 ilisema kwamba risasi iliyokuwa katika damu ya Mmarekani wa wakati ule ilikuwa takriban mara mia ya ile ya asili. Kilichokuwa kikiitwa cha kawaida kilikuwa tu kilichoenea. Kehoe, aliyeombwa kuipitia makala hiyo kabla haijachapishwa, alishauri ichapishwe ili kasoro za mwandishi zionekane na watu wote. Mwaka huohuo Patterson alimwandikia gavana wa California akimtaka achukue hatua, na mwaka 1966 alikwenda mbele ya kamati ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Edmund Muskie, ambako Kehoe naye alitoa ushahidi. Patterson aliiambia kamati kwamba ni kosa kwa idara za afya ya umma kuegemea takwimu za wenye bidhaa. Ufadhili wake kutoka taasisi ya kampuni za mafuta ulikatika, na mwaka 1971 Baraza la Taifa la Utafiti lilipounda jopo la kuchunguza risasi hewani, mpimaji hodari kuliko wote duniani hakuitwa.

Kwa kanuni ya kukaa pembeni, Patterson aliacha kuwa mwanasayansi siku alipoweka sahihi kwenye barua ya gavana. Watetezi wa kanuni hiyo wana deni la kueleza ni nini hasa kiliharibika katika vipimo vyake siku hiyo. Barafu ya Greenland ilipimwa baada ya barua, na haikupimwa vibaya.

Mwanafalsafa Richard Rudner aliliweka jambo hili wazi mwaka 1953, katika makala fupi ambayo ingestahili kusomwa na kila mjumbe wa bodi ya utafiti. Hakuna dhana ya kisayansi inayothibitika asilimia mia. Kwa hiyo kila mtafiti anayeikubali au kuikataa dhana lazima awe ameamua ni ushahidi kiasi gani unatosha, na kiasi hicho kinategemea kosa litagharimu nini. Anayepima dawa ya watoto wachanga huhitaji uhakika ambao anayepima gundi ya viatu hahitaji, na hitaji hilo halitokani na kemia. Linatokana na thamani ya mtoto. Mtafiti anayesema hana uamuzi wowote wa thamani ameufanya bila kuutazama, na kwa kawaida ameuazima kutoka kwa anayemlipa.

Ushahidi wa jambo hili uko kwenye namba zenyewe. Miaka ya 1960 mamlaka za afya Marekani zilikuwa zikihesabu mikrogramu 60 kwa desilita kuwa mpaka wa hatari kwa mtoto. Mwaka 1971 mpaka ukawa 40. Mwaka 1975 ukawa 30. Mwaka 1985 ukawa 25. Mwaka 1991 ukawa 10. Mwaka 2012 ukawa 5. Mwaka 2021 ukawa 3.5. Shirika la Afya Duniani sasa linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kila kituo katika safari hiyo kilitetewa kwa jina la uangalifu. Kama wataalamu wangekuwa wanakosea bila upande, basi mara nyingine wangezidisha hofu na mara nyingine wangeipunguza, na mpaka ungepanda na kushuka. Haukupanda hata mara moja. Makosa yote yalielekea upande mmoja, na upande huo ulikuwa na mwenyewe.

Mtu aliyesaidia kuusukuma mpaka huo chini alilipia. Herbert Needleman alikusanya meno ya utotoni yaliyong'oka kwa watoto wa Chelsea na Somerville, karibu na Boston, kwa sababu jino hutunza kumbukumbu ya risasi ambayo damu huisahau. Mwaka 1979 alichapisha kwamba watoto wenye risasi nyingi menoni, ambao hakuna daktari aliyewahi kuwaita wagonjwa, walifanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya akili na usikivu. Mwaka 1991 alishtakiwa kwa udanganyifu wa kitaaluma na wanasaikolojia wawili waliokuwa wameajiriwa kama mashahidi wa upande wa kampuni katika kesi ya uchafuzi wa risasi. Uchunguzi wa chuo chake na wa serikali ulimwondolea shutuma hiyo. Ni vyema kuangalia namna mashtaka yalivyosikika: alidaiwa kuwa na ari kupita kiasi, kwamba alikuwa ameshachagua upande. Wale waliolipwa kumpinga walibaki kuwa wataalamu.

Upande wa maadili ya utafiti una jambo lake hapa, na ni la kuudhi zaidi. Maabara ya Kehoe iliwapima pia watu waliojitolea, ambao walilishwa risasi au kuivuta ndani ya chumba maalumu, huku mikojo na damu zao zikipimwa siku kwa siku. Kwa vigezo vya sasa majaribio hayo yasingepita. Hata hivyo wachache wale angalau walijua kwamba wamo ndani ya jaribio. Wamarekani wengine wote, na baada yao karibu dunia nzima, waliwekwa ndani ya jaribio lilelile bila kuulizwa. Fomu ya ridhaa humlinda mshiriki aliyeorodheshwa. Haimfikii mtu ambaye bidhaa imeachiwa mtaani kwake kwa hoja kwamba madhara hayajathibitishwa. Kamati za maadili, ziwe Cincinnati, Nairobi au Dar es Salaam, hudai kujua nini kitampata mshiriki ndani ya utafiti. Ni nadra kuuliza nini kitawapata walio nje mtafiti akishapata matokeo ya kutisha na kukaa nayo.

Petroli isiyo na risasi haikushinda kwa sababu takwimu zilijisema zenyewe. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya 1970 na kanuni za 1973 zilianza kuipunguza. Na kati ya 1976 na 1980 wastani wa risasi katika damu ya Wamarekani ulishuka kwa takriban asilimia 37, sambamba na kupungua kwake kwenye petroli. Hapo ndipo hoja ya kwamba risasi hukaa mwilini kiasili ilipokufa. Marekani iliiondoa kabisa kwenye magari ya barabarani mwaka 1996.

Afrika iliendelea kuichoma. Kusini mwa Sahara karibu petroli yote ilikuwa na risasi mpaka Azimio la Dakar la Juni 2001, ambalo kwalo nchi zilikubaliana kuiondoa. Kampeni ikaendeshwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka makao yake ya Nairobi, na kufikia Januari 2006 eneo hilo lilikuwa limeacha. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021. Ucheleweshaji huo wote haukuwa wa kusubiri maarifa, kwani maarifa yalikuwapo vitabuni. Mwaka 2010 kampuni ya Innospec, mtengenezaji wa mwisho mkubwa wa kemikali hiyo, ilikiri mahakamani kutoa rushwa kwa maofisa wa Indonesia na Iraq, na biashara iliyokuwa ikilindwa kwa rushwa hizo ilikuwa ya petroli yenye risasi. Wakati huohuo mtaalamu wa nchi maskini aliyetaka kuisema risasi alijibiwa kwamba hakuna utafiti uliofanywa nchini mwake, kana kwamba mwili wa mtoto wa Kisumu au Tanga unahitaji uthibitisho wa pili.

Mombasa inaonyesha kinachotokea wataalamu wanapobaki ndani ya mpaka wao. Katika kijiji cha Owino Uhuru kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009 kushughulikia uhusiano na jamii, na tathmini aliyoshiriki kuiandaa ilionyesha kwamba kiwanda kilikuwa hatari kwa majirani. Hakikufungwa. Mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa malaria na homa ya matumbo bila nafuu, mpaka alipopimwa na kukutwa na risasi iliyopitia kwenye maziwa ya mama. Omido alitafuta watoto wengine watatu wa kijijini wapimwe. Wote walikuwa nayo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014 baada ya maandamano, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Madhara ya risasi kwa watoto yalikuwa yamechapishwa miaka thelathini kabla kiwanda hakijawashwa. Aliyeyasema Owino Uhuru hakuwa mtu wa maabara. Alikuwa mwajiriwa mwenye mtoto mgonjwa, na alikamatwa kwa kuyasema.

Yako mapingamizi ya kweli, na mawili yanastahili kujibiwa kwa urefu.

La kwanza hujengwa juu ya Max Weber, aliyehutubia Munich mwaka 1917 kuhusu sayansi kama wito na kuwaonya maprofesa wasihubiri siasa darasani. Onyo hilo ni la haki, ila sababu yake husahaulika: mwanafunzi hawezi kujibu, kwa kuwa yuko chini ya mwalimu na mtihani unamsubiri. Seneta Muskie hakuwa mwanafunzi wa Patterson. Mbele ya kamati kila upande uliweza kujibiwa, na ulijibiwa. Weber mwenyewe aliandika magazetini kuhusu vita na katiba ya nchi yake na akashiriki kuanzisha chama cha siasa mwaka 1918, kwa hiyo ni ajabu kumfanya mtakatifu wa kukaa kimya.

La pili ni zito zaidi: wanasayansi waliosema hadharani wamewahi kuleta balaa. Mwaka 1990 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilitangaza Kemron kuwa tiba yenye matumaini makubwa dhidi ya Ukimwi, na Rais Daniel arap Moi akaizindua kwa shangwe. Majaribio huru yaliyofuata, yakiwemo yaliyoratibiwa na Shirika la Afya Duniani, hayakuona faida. Miaka kumi baadaye Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini alimweka kwenye jopo lake la ushauri Peter Duesberg, mtaalamu wa virusi aliyekana kwamba VVU ndivyo vinavyoleta Ukimwi, na serikali ikachelewesha dawa. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Mifano hii ni ya kweli, lakini haithibitishi kinachodaiwa. Kosa la Kemron halikuwa kusema; lilikuwa kutangaza tiba kabla ya kulinganishwa na dawa bandia, chini ya mwavuli wa rais ambaye wakati ule ilikuwa vigumu kumpinga. Kuhusu Mbeki, walioizuia hatari isikue zaidi walikuwa wanasayansi wengine waliokataa kukaa pembeni: Julai 2000 zaidi ya 5,000 kati yao walitia sahihi Azimio la Durban, wakisema waziwazi kwamba VVU ndivyo chanzo na kwamba watu wanakufa. Msemaji wa rais alisema hati hiyo ingeishia kwenye pipa la taka. Kama hao elfu tano wangefuata kanuni ya kutoa takwimu na kunyamaza, uwanja wa hadhara ungebaki na Duesberg peke yake. Kunyamaza kwa waangalifu hakuwanyamazishi wazembe.

Ipo pia imani kwamba takwimu zikiachwa peke yake zitabaki salama, kwa kuwa hazina siasa. Septemba 2018 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015 na kufanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazokinzana na zile rasmi, kwa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi milioni 10, au vyote viwili. Masharti hayo yaliondolewa Juni 2019 baada ya malalamiko ya ndani na nje. Katika miezi hiyo mtafiti aliyekuwa amejitengea kazi ya kutoa namba tu aligundua kwamba hata namba ina upande machoni mwa mwenye nguvu, na kwamba haki ya kuitoa hulindwa na watu walio tayari kuzungumza kuhusu sheria.

Yanayodaiwa kwa mtafiti badala ya kunyamaza ni mambo magumu kuliko kunyamaza. Aseme nani anamlipa. Atenganishe, katika sentensi zake, kile alichokipima na kile anachopendelea, ili msikilizaji aweze kukubali kimoja na kukataa kingine. Aeleze shaka yake kwa ukubwa wake halisi, asiikuze wala kuificha. Atoe takwimu zake kwa wapinzani. Patterson alitimiza haya. Kehoe, mwenye sifa ya kutokuwa na upande, aliwakusanyia wafadhili wake matokeo ambayo mengine yalichelewa sana kuonekana na watu wa nje.

Linabaki swali la demokrasia: wanasayansi hawakupigiwa kura, kwa nini sauti yao iwe na uzito katika sera? Swali hili linakosea nani alikuwa ameshika uamuzi. Alipozungumza Patterson hakupiga marufuku chochote. Aliurudisha uamuzi mahali pa umma, baada ya miaka arobaini ya kukaa Cincinnati chini ya jina la uangalifu. Bunge la Marekani liliandika sheria, na Shirika la Ulinzi wa Mazingira likatunga kanuni za kupunguza risasi. Kampuni ya Ethyl ikaenda mahakamani ikisema, kama Kehoe, kwamba madhara hayajathibitishwa. Jopo la majaji watatu kwanza liliipa ushindi. Mwaka 1976 mahakama nzima ya rufaa ya Washington ilisikiliza upya na kwa kura tano kwa nne ikaamua kwamba sheria inayotaja kuhatarisha afya inaruhusu serikali kuchukua hatua kabla madhara hayajatimia, na kwamba kupima hatari ile ni kazi ya sera inayoweza kufanywa mchana kweupe, kwa sababu zinazoweza kusomwa na kupingwa. Ethyl iliomba Mahakama ya Juu iisikilize, ombi likakataliwa.